Mng'ao wa Saa Sita

Kwa miaka thelathini na minne watu walimwita Kioo, na jina hilo hakujipa mwenyewe. Alipewa na mteja aliyekuja kuchukua gari lake siku moja, akainama mbele ya mlango wa gari kufunga kamba ya kiatu, akajiona humo, akainuka akiwa anachana nywele. Tangu hapo, kila gari lililotoka karakana yake, mwenye gari alilitazama kwanza usoni, yaani alijitazama yeye usoni. Mafundi wengine hupaka rangi, watu walisema; huyu anapaka maji yaliyosimama.

Karakana yenyewe haikuwa ya kutisha. Kuta mbili za matofali, wa tatu turubai zito ambalo alilimwagia maji kila mara kabla ya kupuliza rangi, ili vumbi lishikwe huko lisije kutua kwenye kazi. Ukuta wa nyuma ulikuwa umerukiwa na rangi za miaka yote. Ungebandua kipande ukakikata kwa kisu, ungeiona miaka imelaliana kama kurasa: nyeupe ya enzi ambazo kila mtu alitaka gari jeupe, kijani cha malori ya kiwanda cha sabuni kabla hakijafungwa, ile buluu mbaya iliyopendwa na vijana kwa mwaka mmoja tu, ikatupwa. Kioo alipokula chakula cha mchana aliketi akiuelekea ukuta huo. Wengine huangalia albamu.

Kilichomkwamisha ni kifua. Daktari alimsikiliza mgongoni, akamwambia avute pumzi, akamwambia tena, kisha akasema mapafu yake nayo yamepakwa rangi, tena koti tatu. Kioo alicheka, lakini mke wake, aliyekuwa amesimama mlangoni na mkoba wake, hakucheka.

"Gari moja tu," alimwahidi mke wake njiani.

"Si ile nyeupe ya juzi ndiyo ilikuwa ya mwisho?"

"Ile ilikuwa ya mwisho kabla ya hii."

Gari lenyewe lilikuwa limeshafika. Aliyelileta ni mama mmoja wa miaka sabini na kitu, mrefu, mwenye mgongo ulionyooka kama rula, aliyefundisha ushonaji katika shule ya ufundi ya wasichana mpaka alipostaafu. Mji mzima ulimwita Mwalimu. Yeye na marehemu mumewe walilinunua gari hilo likiwa limeshatumika, mwaka wa tatu wa ndoa yao, wakalitumia zaidi ya miaka ishirini. Mume alipofariki lilisukumwa chini ya kibanda, na kwa miaka kumi na mmoja aliyelipanda ni kuku tu, ambaye alitotoa mara mbili kwenye kiti cha nyuma. Sasa injini ilikuwa imefufuliwa, na bodi ilikuwa imenyooshwa na fundi wa karakana ya jirani, aliyeitwa Nyundo, mtu ambaye hata akizungumza na aliye mbele yake anapiga kelele kana kwamba mashine bado inanguruma.

"Rangi gani, Mwalimu?" Kioo aliuliza.

"Ileile. Damu ya mzee."

"Hiyo ipo. Hata mimi ninayo, ila imepungua."

Mwalimu alitabasamu kidogo tu, kama mtu anayeweka akiba. "Lakini nataka iliyotulia, fundi. Tusielewane vibaya. Iliyotulia."

Na hapo hasa ndipo walipokosa kuelewana.

Katika midomo ya wapaka rangi, rangi iliyotulia ina maana moja. Rangi ikitoka kwenye bunduki ya kupulizia huangukia bati ikiwa na vijiwimbi na vichunusi kama ganda la chungwa. Fundi mbaya huiacha hivyo. Fundi mzuri huichanganya na kuipuliza kwa kipimo ambacho dakika chache baadaye inajinyoosha yenyewe, inalala, inakuwa ngozi moja isiyo na punje. Hapo ndipo husema, imetulia. Ni sifa ya juu kabisa, na Kioo hakuwahi kumsikia mteja asiye fundi akiitamka. Moyo wake uliruka. Mama huyu anajua kazi, alijiambia. Na kama Mungu kanichagulia wa mwisho, kanichagulia anayejua.

Alianza na boneti, akaifungua na kuilaza juu ya mapipa mawili. Akapaka praima ya kushikia rangi, akapiga msasa, akapaka damu ya mzee koti tatu, na juu yake koti mbili za klia, ile rangi isiyo na rangi inayomwagwa juu kama kioo cha picha. Siku ya tatu Nyundo alivuka na kikombe chake cha chai, akasimama, kwa mara ya kwanza akashusha sauti.

"Kaka, umenimaliza. Ningekuja na wembe ningenyoa."

"Ndevu zipi?"

"Hizo hizo mbili. Nione zilipo."

Kioo aligeuka pembeni ili Nyundo asione anavyotabasamu. Aliamini fundi hukumbukwa kwa kazi yake ya mwisho, kama mtu anavyokumbukwa kwa neno lake la mwisho. Gari hili lingepita mjini miaka kumi baada yake, na watu wangesema, hilo alilipaka Kioo, la mwisho hilo. Basi na waseme wakiwa wanajiona ndani yake.

Mwalimu alikuja Ijumaa. Aliizunguka boneti mara moja, mikono nyuma, kama anayekagua mtihani. Kisha akainama.

"Huyu bibi ni nani?"

Kioo alidhani ni utani. "Ni wewe, Mwalimu."

"Najua ni mimi. Anafanya nini kwenye gari langu?"

Nyundo, aliyekuwa amekuja kusikiliza sifa, alirudi kwake taratibu.

"Nilikwambia iliyotulia, fundi."

"Na imetulia, Mwalimu. Pitisha kidole kutoka huku mpaka kule. Ukikuta punje moja, naifuta yote."

Alipitisha kidole, kutoka huku mpaka kule, bila haraka. "Kwa kidole imetulia," alisema. "Kwa macho inapiga makelele. Umenivalisha nailoni."

"Watu wanautafuta mng'ao huu mpaka mji wa pili."

"Wape. Mimi nimekaa nyuma ya usukani miaka ishirini na boneti hiyo mbele yangu. Sikuwahi kujiona hata siku moja. Nilikuwa naona njia, na juu ya bati naona mawingu, lakini kwa mbali, kama yamefunikwa na shashi." Alitafuta maneno, na alipoyapata yalikuwa ya kiwalimu. "Una watoto?"

"Wanne. Wameshaoa na kuolewa."

"Walipokuwa wadogo, asubuhi mama yao akishawapaka mafuta, walikuwaje?"

"Waling'aa."

"Kama nini?"

"Kama masufuria."

"Haya. Na saa sita, wakirudi kutoka shule?"

Kioo aligeukia boneti.

"Mimi nataka ya saa sita," Mwalimu alisema.

Alipomsindikiza mpaka getini, Kioo alijikuta akisema jambo ambalo hakukusudia kumwambia mteja. Alisema hili ndilo gari lake la mwisho. Kwamba kifua kimekataa. Kwamba likitoka pale haling'ai, watu watasema Kioo amepasuka.

Mwalimu alimsikiliza mpaka mwisho. "Pole, baba," alisema. "Kwako ni la mwisho. Kwangu mimi ni hilohilo moja."

Siku hiyo Kioo alifunga karakana mapema. Nyumbani alimkuta mke wake uani akichambua mchele kwenye ungo, akaketi kwenye kigoda mkabala naye, akamweleza yote, huku akitegemea kuungwa mkono.

"Kwani yeye anaomba nini?" mke aliuliza, macho kwenye ungo.

"Eti mng'ao wa saa sita. Kama mtoto aliyepakwa mafuta asubuhi."

Mke aliacha kuchambua. "Mbona nimemwelewa."

"Umemwelewaje?"

"Siku ya kwanza nilipokuona, wewe ulikuwa unatoka kazini kwa yule bwana wako wa zamani, jua la utosi, umebeba kopo la rangi. Nikasema moyoni, kijana ana uso mzuri. Ungepita asubuhi nisingekuangalia. Ungekuwa unateleza."

Kioo alicheka mpaka kifua kikamkumbusha, akakohoa, akaletewa maji. Lakini kilichomjia akiwa na kikombe mkononi kilikuwa cha zamani zaidi ya siku hiyo. Alimwona mama yake. Walikuwa sita, wakipangwa kwenye ngazi ya nyuma kwa umri kila asubuhi ya shule, na kopo moja la mafuta. Kiganja cha mama kilikuwa na sugu za jembe, na alipopaka alikuwa kama anapiga msasa: paji, mashavu, nyuma ya masikio, mpaka shingo inayumba. Waliondoka wakiwaka. Njiani vumbi liliwashika, wakafika shuleni wamekuwa wekundu miguu mpaka magotini. Ila mchana, wakirudi, wakinawa uso kwenye ndoo kabla ya kula, yale mafuta yalikuwa yameshaingia. Hayakuwa juu ya ngozi tena. Dada yake mkubwa, aliyekufa kabla hajafika darasa la saba, alikuwa na uso wa namna hiyo hasa mchana. Kioo alikuwa hajaufikiria uso huo kwa miaka mingi, na sasa aliuona, unang'aa bila kumrudishia mtu sura yake.

Hakulala na hasira. Asubuhi alichukua vibati vitatu vilivyokatwa kutoka mlango wa friji bovu, akavipaka vyote damu ya mzee. Cha kwanza akakimwagia klia kama boneti. Cha pili akakimwagia klia iliyotiwa unga wa kuua mng'ao, kama magari ya vijana wa siku hizi yanayofanana na ubao wa shule. Cha tatu kilimtesa. Alitaka rangi ya namna aliyojifunzia, ile inayobeba mng'ao wake yenyewe ndani bila klia juu, na wauza rangi watatu walimwangalia kama anayeulizia mafuta ya taa ya chemli. Alipata makopo manne kwenye duka la mzee mmoja wa vifaa vya ujenzi, nyuma ya misumari, yamefunikwa na vumbi lakini hayajafunguliwa. Alipochokonoa kifuniko cha kwanza, harufu ilimpanda kichwani na kwa nukta moja akawa na miaka ishirini na mbili, suruali imechanika goti, anamsikia bwana wake wa zamani akimwambia aache haraka, rangi si uji.

Alhamisi asubuhi alivipeleka vibati nyumbani kwa Mwalimu, akaviegemeza kwenye ukuta wa uani.

"Chagua," alisema. "Lakini usichague sasa. Tukae mpaka saa sita."

"Umekuja kunifundisha mimi?"

"Nimekuja kufundishwa. Ila mwanafunzi naye ana kiti chake."

Akaletewa kiti. Walikaa chini ya ukingo wa paa na chai, wakiangalia jua linavyotembea juu ya bati. Saa tatu Mwalimu alikuwa upande wa kibati cha pili, kile kilichouliwa mng'ao. Alisema hakipigi kelele hata kidogo.

"Kisugue," Kioo alimwambia. "Kwa pindo la kanga. Sugua hapohapo, mahali pamoja."

Alisugua. Mahali aliposugua pakaanza kung'aa, doa la ukubwa wa shilingi, halikufutika tena.

"Hiyo ni hivyo siku zote," Kioo alisema. "Kiwiko kikigusa, mkoba ukigusa, inang'aa pale pale. Baada ya mwaka inakuwa kama makalio ya suruali ya karani."

Mwalimu alicheka kwa sauti, kicheko cha mtu aliyepiga pasi suruali hizo na kuziwekea viraka maisha yake yote. Akakigeuza kibati kikatazama ukuta, kama mtoto mtundu.

Ilipokaribia saa sita, cha kwanza kiliwaka mpaka wakakikunjia macho. Cha tatu kilikuwa kimekaa kimya. Kioo alikuwa amekisugua kwa mkono jioni mbili, kwa kitambaa na dawa ya kusugulia, akaacha kabla hakijafika kwenye kioo. Jua liliingia kwenye ile rangi, halikurudi lote. Mawingu yalipita ndani yake kwa mbali.

Mwalimu alikisogelea, akainama. Kisha akasema, "Hiki."

"Basi nikwambie ubaya wake. Hiki hakina cha kukikinga. Ukikiacha jua linakinyonya, kinapauka, rangi inakufa. Kinataka mkono. Wiki mbili zisipite bila kitambaa."

"Marehemu alikuwa anaifuta kila Jumamosi," Mwalimu alisema. "Baada ya chai, mpaka adhana ya adhuhuri. Mimi namwita aje kula, yeye anafuta. Nilikuwa namwambia, gari imeshakuwa safi, unatafuta nini?" Aligusa kibati kwa ncha za vidole. "Nilidhani ni usafi."

Kioo aliangalia kikombe chake. Alikuwa ameelewa, na aliona haya kuelewa mbele yake: kwamba rangi aliyokuwa akiitafuta mama huyu haikuwahi kuwa kwenye kopo lolote.

Kazi iliyokuwa ngumu kuliko zote ilikuwa boneti. Ingewezekana kumpa mtu mwingine aikwangue. Hakumpa. Aliilaza tena juu ya mapipa, akavaa barakoa ya mpira, akachukua ndoo ya maji ya sabuni na msasa laini, akainama. Alijiona: kichwa chenye mvi, mashimo mawili ya barakoa, mabati ya paa nyuma yake, yote safi kabisa. Akaanza kusugua kutoka pembeni. Povu jeupe lilipita, akalifuta, na pale lilipopita hapakuwa na kitu, weupe tu kama pumzi kwenye dirisha. Sikio likaondoka. Kisha shavu. Alipofika katikati alisimama, msasa mkononi, kwa muda ambao chai ingepoa. Miaka thelathini na minne alikuwa akiutengeneza mng'ao huu, na hii ndiyo ilikuwa mara ya mwisho kuuona umetoka mkononi mwake. Kisha akachovya msasa kwenye ndoo, akaendelea mpaka akaisha.

Gari lilichukua wiki tatu, muda ambao magari yalichukua zamani. Koti moja, siku mbili za kukauka, msasa wa maji, koti nyingine. Siku za mwisho hakushika bunduki kabisa. Alisugua kwa kitambaa, paneli baada ya paneli, akiacha kila moja pale ilipotaka kuanza kumwonyesha uso wake. Kujua pa kuachia kulimchosha kuliko kuendelea.

Nyundo alikuja na chai. Alizunguka, akainama, akanyoosha shingo huku na huku.

"Kaka, klia imekwisha?"

"Haijaisha."

"Sasa?"

"Mwenyewe ndivyo anavyotaka."

"Na mtu akiuliza, tuseme limepakwa wapi?"

"Sema kwa Kioo."

"Mimi siwezi kusema hivyo na uso mkavu."

"Sema ukiwa unakunywa chai."

Na watu waliuliza kweli. Mafundi wawili wa mtaa wa pili walipita kwa makusudi, wakatazama bila kushuka kwenye pikipiki yao, mmoja akamwambia mwenzake kwamba uzee ni kitu kibaya. Kioo aliwasikia. Ilimuuma kama alivyojua ingemuuma, wala haikupungua kwa kujua. Akaendelea kusugua mlango wa dereva.

Mwalimu alilichukua Jumatano. Hakuzunguka safari hii. Alifungua mlango, akaketi, akarekebisha kiti kwa sababu hakikuwa mahali pake, akaweka mikono kwenye usukani na kutazama mbele, juu ya boneti, kuelekea getini. Alikaa hivyo mpaka Nyundo akadhani betri imekufa, akaanza kuja. Kioo akamzuia kwa mkono.

Mwishowe akashusha kioo cha mlango. "Fundi."

"Naam, Mwalimu."

"Imetulia."

Akawasha, akatoka taratibu, na Kioo akafunga geti.

Wiki ya kwanza nyumbani alimsumbua mke wake. Alipanga upya vyombo, akapiga msasa mlango wa choo ambao haukuwa na kosa. Jumamosi ya pili mke alimpa mfuko wenye vitambaa safi vitatu na kopo la nta, akamwambia atembee kidogo, hewa ya nje ni dawa, na kama njia itampitisha kwa Mwalimu, basi.

Alimkuta uani, amejifunga kanga kiunoni, kitambaa mkononi, amekwishafuta ubavu mzima wa kushoto. Kioo aliuangalia ubavu ule. Ulikuwa umejaa viduara vya kitambaa.

"Nani kakwambia uzungushe?"

"Marehemu alikuwa anazungusha."

"Alikuwa anazungusha mwanzo. Mwisho anafuta kwa urefu, kufuata mwili wa gari. Kama unavyopiga pasi suruali."

"Kwa nini hukusema siku ile?"

"Hukuuliza."

"Mwalimu haulizi, fundi. Anasubiri aambiwe."

Kioo alivua saa, akaiweka mfukoni ili isikwaruze, akatoa kitambaa kimoja kwenye mfuko, akampa yeye kingine. Wakaanza upya kutoka taa ya nyuma, yeye juu, Mwalimu chini, kwa urefu.